Kosa la Kusikiliza Bila Kibali

Kuna nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu sheria zake zinamtaka kila anayelisikia asimame wima, na si uungwana kumsimamisha msomaji aliyekwisha kuketi vizuri. Katika nchi hiyo huzuni ilifutwa Alhamisi moja, kabla ya chakula cha mchana. Bunge lilikuwa na mambo mazito siku hiyo, yakiwemo magari ya waheshimiwa, lakini likaona si vyema kutawanyika bila kuwafanyia wananchi jambo. Mikono ikainuliwa, meza zikagongwa, na tangu hapo raia wote wakawa na furaha kwa mujibu wa sheria.

Tatizo likabaki kwa vijana. Vijana, kama tujuavyo, hawasomi Gazeti la Serikali. Wengine waliendelea kulemewa, na wapo waliojiumiza kwa mikono yao wenyewe. Walipofikishwa hospitali, madaktari hawakuwa na neno halali la kuandika, kwa hiyo wakaandika "amejikwaa." Wakajikwaa waliofeli na waliofaulu. Wakajikwaa wa bweni na wa kutwa. Akajikwaa hata kijana mmoja aliyekuwa amelala kitandani. Wizara ya Ujenzi, ilipoona jinsi taifa linavyojikwaa, ikatangaza mradi mkubwa wa kusawazisha sakafu za shule zote.

Siwema Mtandika alizijua vizuri habari za sakafu hizo. Alikuwa mtengenezaji wa programu za simu katika Wizara ya Vijana na Uchangamfu, na mdogo wake wa pekee, Hamduni, "alijikwaa" akiwa kidato cha tano. Siwema alipofika hospitali alimkuta amegeukia ukuta. Kando ya kitanda alisimama mwalimu mkuu, kafuatana na fundi mwenye futi ya kupimia.

"Tumeipima sakafu ya bweni, dada," mwalimu mkuu alisema kwa upole. "Haina kasoro hata kidogo. Tatizo ni mdogo wako. Hainui miguu."

Siwema alivuta kiti, akakaa, akakaa mpaka yule mwalimu na fundi wake wakachoka wenyewe wakaondoka.

Aliyemsaidia Hamduni kurudi kwenye uhai alikuwa Nesi Asteria, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, ambaye cheo chake hapo hospitali kilikuwa Mwuguzi wa Waliojikwaa. Alimsikiliza kijana yule siku baada ya siku, akamtafutia daktari, akaita ndugu, akawaeleza. Hamduni akarudi nyumbani, akaanza tena kula, kisha akaanza tena kulalamika kuhusu chakula, na hapo Siwema akajua kwamba mambo yameanza kutengemaa.

Siku moja wakiwa barazani wanamenya maharage, Siwema aliuliza lile lililokuwa likimkaba.

"Siku ile, Hamduni. Ungetaka nini?"

Hamduni aliendelea kumenya. "Mtu aniulize," alisema. "Halafu akishaniuliza, asiondoke."

*

Mwaka uliofuata wakaja wafadhili kutoka ng'ambo. Walikuwa na fedha za kuwasaidia vijana wanaojiumiza, wakataka itengenezwe programu ya simu. Baraza la Mawaziri likakaa katika kikao kigumu kuliko vyote vilivyopata kukaliwa. Kupokea fedha hizo kungekuwa kukiri kwamba tatizo lipo. Kuzikataa kungekuwa kukataa fedha, jambo ambalo katika historia ya baraza lile halikuwa limewahi kutokea, wala hapakuwa na utaratibu wake. Mwishowe wakaafikiana: nchi itatengeneza programu ya kuwasaidia vijana wasiokuwepo dhidi ya tatizo lisilokuwepo, na fedha zitapokelewa kama kawaida.

Kazi akapewa Siwema. Aliipokea kwa mikono miwili. Alishinda na Nesi Asteria wiki nzima, akimuuliza mtu aliyezidiwa huongeaje, hunyamazaje, huhitaji kusikia nini kwanza. Akaandika programu nyepesi, ya kuweza kuingia hata katika simu ya bei ya chini. Ukiifungua unakuta swali: Uko salama sasa hivi? Chini yake, jingine: Unafikiria kujiumiza? Kisha kitufe kimoja kikubwa. Ukikibonyeza anapokea mtu mzima aliyefundishwa, mwenye masikio, na haondoki mpaka mmempata mwingine wa karibu yako atakayekuja kukaa nawe. Akaiita Nipo.

Waziri wa Vijana na Uchangamfu, Mheshimiwa Dakta Profesa Injinia Kasongwa Mlimbila, aliitisha kamati kuikagua. Alivaa miwani, akaisoma simu kana kwamba ni hati ya kukamatwa kwake.

"'Uko salama sasa hivi?'" alisoma kwa sauti. Akainua uso. "Salama na nini? Kuna vita? Mipaka yetu inalindwa saa zote! Swali hili ni la kichochezi. Ondoa."

"Mheshimiwa, kijana akiulizwa waziwazi..."

"Tena hapa chini. 'Unafikiria kujiumiza?' Binti, huku si kumpa mtu wazo ambalo hakuwa nalo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kumuuliza hakumpi wazo. Kunampa nafasi ya kupumua."

"Kupumua si kazi ya wizara hii," alisema Waziri. "Hewa iko chini ya Mazingira."

Wajumbe wakacheka kwa kiwango kinachostahili. Kisha wakaanza kuiboresha. Jina likawa Tabasamu la Taifa. Neno "huzuni," ambalo halikuwemo, likapigwa marufuku lisije likaingia. Anayejisikia vibaya angetambulika kama mtu mwenye "upungufu wa furaha wa muda." Kitufe kikaondolewa, kwa kuwa kitufe kinaweza kubonyezwa. Mahali pake pakawekwa hotuba ya Waziri kuhusu uzalendo, isiyoweza kukatishwa katikati. Na ili kuzuia watu wasio na furaha kuitumia vibaya programu ya furaha, iliamuliwa kwamba haitafunguka mpaka kamera ya simu imwone mtumiaji akitabasamu.

"Atatabasamuje, Mheshimiwa," aliuliza Siwema, "na anatafuta msaada?"

"Huo ndio msaada wenyewe," alijibu Waziri, na kamati ikampigia makofi.

Siwema alirudi mezani kwake akiwa na hasira inayochoma masikio. Aliifanya kazi aliyoamriwa. Lakini Nipo hakuifuta. Aliiacha ndani ya mashine ya wizara, imelala chini ya Tabasamu la Taifa kama mtu aliyejifunika shuka.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa, mbele ya umati wa wanafunzi waliopewa ruhusa ya lazima. Bendi ya polisi ilipiga, wafadhili walivishwa maua, na Mheshimiwa Mlimbila akasimama.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mataifa mengine yamepeleka watu mwezini. Waliona nini? Vumbi! Sisi tumepeleka furaha mfukoni! Nani kama sisi?"

"Hakunaaa!" umati ukajibu, kama ulivyofundishwa asubuhi.

Akainua simu yake mpya ili awe wa kwanza kuifungua. Akatabasamu. Simu ikatafakari. Kisha ikasema kwa sauti nyororo, iliyotoka katika vipaza sauti vyote vya uwanja: "Tabasamu lako si la kweli. Tafadhali jaribu tena."

Waziri akaongeza meno. "Tabasamu lako si la kweli," ilisema simu. Akaonyesha mpaka fizi. Simu ikang'ang'ania msimamo wake. Wanafunzi, ambao hawakuwa wamefundishwa la kufanya hapo, walicheka kicheko cha kwanza cha hiari kilichosikika uwanjani pale kwa miaka mingi, na kwa kosa hilo shule zao zikanyimwa likizo.

Jioni ile likatoka agizo: kuanzia sasa tabasamu la Mheshimiwa ndilo kipimo cha taifa. Mafundi wakarekebisha. Tangu hapo programu ilimfungukia Waziri tu. Mtu mwingine yeyote, acheke asicheke, aliambiwa uso wake haujafikia viwango. Taarifa ya wizara ikawajulisha wafadhili kwamba hakuna hata kijana mmoja nchini aliyeomba msaada, ishara kwamba mradi umefaulu kabisa.

*

Jumatatu moja asubuhi pakazuka mabishano katika mapokezi ya wizara. Msichana mwembamba, kavaa bwelasuti la chuo cha ufundi wa umeme, alikuwa amesimama mbele ya meza na simu mkononi.

"Nani alitengeneza hiki kitu?" alikuwa akiuliza. "Nataka kumwona aliyetengeneza hiki kitu."

"Una miadi?" mpokezi aliuliza.

"Kimeniambia nitabasamu vizuri zaidi. Tangu jana kinaniambia nitabasamu vizuri zaidi!"

Siwema alikuwa akipita na kikombe cha chai. Alimtazama yule msichana, akaona macho ambayo aliwahi kuyaona mahali pengine, yamegeukia ukuta.

"Ni mimi," alisema. "Twende ofisini kwangu, mdogo wangu."

Akafunga mlango. Jina la msichana lilikuwa Nyamizi. Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyejiandaa kuondoka. Maneno yakaanza kumtoka vipande vipande, habari za mama aliyefariki, chuo, usingizi uliokimbia, kisha yakakatika.

Siwema aliweka kikombe chini.

"Nyamizi, nakuuliza waziwazi, na lolote utakalonijibu sitakukaripia. Unafikiria kujiumiza?"

Katika jengo lile la wizara, lenye ghorofa zote zile na vikao vyote vile, hakuna aliyewahi kumuuliza kijana swali hilo. Ukuta haukuanguka. Hata chai haikumwagika.

"Ndiyo, dada," alisema Nyamizi, akaanza kulia.

Siwema alisogeza kiti chake karibu. Hakutoa mawaidha, hakumwambia kwamba wapo wenye shida zaidi. Aliuliza, akanyamaza, akasikiliza. Mlango ukagongwa. Alikuwa katibu muhtasi wa Waziri.

"Dada Siwema, Mheshimiwa anakusubiri. Kuna wageni, anataka uwaeleze mafanikio."

"Mwambie niko kwenye kikao."

"Kikao na nani?"

"Na mwananchi."

Neno hilo halikuwa limesikika ghorofa ile tangu uchaguzi. Baadaye kidogo ikaja sauti ya Waziri mwenyewe. "Binti! Fungua mlango huu!"

Nyamizi akaanza kuinuka. "Dada, watakufukuza kazi. Nenda tu."

"Kaa," alisema Siwema. "Wao watasubiri. Hiyo ndiyo kazi yao kubwa, kusubiri na kusubirisha."

Nyamizi alimtazama, na katikati ya machozi kitu kikachomoza mdomoni mwake ambacho hakingefikia viwango vya taifa. Wakaendelea kukaa. Siwema akampigia Nesi Asteria, naye akaja kwa mlango wa nyuma na kuongea na msichana yule kwa ile sauti yake ya chini. Wakampigia shangazi yake Nyamizi, aliyeacha genge lake la mboga bila mwangalizi akaja mbio. Nyamizi alipoondoka, mkono wake mmoja ukiwa kwa shangazi na mwingine kwa nesi anayempeleka kwa daktari, Waziri alikuwa bado amesimama kwenye korido, hajui amkaripie nani kwanza.

"Umenidharau mbele ya wafadhili!" alifoka.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Siwema. "Na nitakudharau tena kesho, kukiwa na sababu kama hii."

Akaingia ndani. Hakukusanya vitu vyake. Aliwasha kompyuta, akaitoa Nipo ilikolala, akaituma kama toleo jipya kwa kila simu iliyokuwa na Tabasamu la Taifa. Kwa kuwa serikali ilikuwa imelazimisha kila kijana aiweke simuni, hapakuwa na kijana aliyekosa.

*

Waliokuwa wakipokea simu za vijana waliobonyeza kitufe walifundishwa na Nesi Asteria katika ukumbi wa kanisa, wakijificha chini ya jina la kwaya. Walikuwamo vinyozi, washonaji, mwalimu mstaafu wa jiografia, na shangazi yake Nyamizi. Hawakujifanya madaktari. Kazi yao ilikuwa kuuliza, kusikiliza, kutoondoka, na kumfikisha mtu kwa mtaalamu na kwa watu wake. Hamduni aliomba naye afundishwe. Nesi Asteria akamwambia angoje kwanza apone sawasawa, naye akangoja, akiwachemshia wenzake chai.

Miezi ikapita. Serikali haikugundua lolote, maana hakuna ofisa aliyekuwa akiitazama programu hiyo. Iliyogundua ni Wizara ya Ujenzi. Watu walikuwa wameanza kupunguza kujikwaa! Mradi wa sakafu ulikuwa umefika katikati, saruji imeagizwa, na wanaojikwaa wanaadimika. Waziri wa Ujenzi akalalamika katika Baraza la Mawaziri kwamba kuna hujuma. Uchunguzi ukafanyika, wakafika kwa Siwema, wakamkamata akiwa anakula.

Alifikishwa mahakamani kwa makosa mawili: kusikiliza bila kibali, na kuthibitisha uwepo wa huzuni katika ardhi ya Jamhuri. Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Siwema alisimama kizimbani, kidevu juu.

"Mshtakiwa," alisema mwendesha mashtaka, bwana mmoja aliyekuwa akiongea na dari zaidi kuliko na watu, "unakiri kwamba ulisikiliza?"

"Nakiri."

"Kwa masikio yote mawili?"

"Yote mawili."

"Mheshimiwa Hakimu, ona kiburi hicho! Itakuwaje kila raia akiamua kusikiliza ovyo? Leo atamsikiliza kijana, kesho atamsikiliza jirani, keshokutwa atataka na serikali imsikilize yeye!"

Ubaridi wa hofu ukapita katika viti vya mbele.

Ndipo Hamduni aliposimama katikati ya watu. Siwema alimwona, akatikisa kichwa, akimsihi kwa macho akae. Hakukaa.

"Mheshimiwa Hakimu, naitwa Hamduni Mtandika. Kwenye karatasi za hospitali mimi nilijikwaa. Sikujikwaa. Nilijiumiza, kwa sababu nilikuwa na huzuni na sikujua pa kuipeleka. Hata leo huwa ninayo siku moja moja, lakini najua pa kuipeleka."

"Keti chini!" alisema hakimu. "Kisheria wewe una furaha!"

"Hata mimi sikujikwaa," ikasema sauti ya Nyamizi kutoka dirishani.

Akasimama kinyozi mmoja. Akasimama mama na binti yake wameshikana mikono. Kisha wakasimama wengi, kila mmoja akisema neno lilelile, wengine kwa sauti ya kunong'ona kwa kuwa walikuwa hawajawahi kulitamka. Karani wa mahakama akaweka kalamu chini. Naye akainuka, akasema mwanawe pia hakujikwaa, akakaa, akaichukua kalamu tena kuendelea na kazi.

Hakimu aliahirisha shauri akapige simu. Aliporudi alikuwa anatoka jasho. Alitamka kwamba kwa kuwa huzuni haipo, basi hakuna aliyesikilizwa, na kwa kuwa hakuna aliyesikilizwa, mshtakiwa hana hatia. Lakini kwa kuwa hana hatia ya kosa zito kiasi hicho, anastahili adhabu kali ili wengine wajifunze. Programu ifungwe, mashine zake zivunjwe, na Siwema Mtandika asiguse simu mpaka atakaporuhusiwa.

Siwema alicheka pale kizimbani. Hakukusudia. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na watu wakamwona.

*

Waliifunga Nipo alasiri ile. Asubuhi iliyofuata Siwema alichukua benchi la barazani kwao, wakalibeba na Hamduni mpaka kando ya lango la soko, akakaa. Kwenye kipande cha boksi aliandika kwa makaa swali moja: Uko salama sasa hivi? Nesi Asteria alikuja baada ya zamu yake akakaa naye. Wapita njia walisoma, wakaondoka, wakarudi. Kijana wa kwanza kukaa alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alivaa kandambili.

Juma lile lile yakaonekana mabenchi mengine. Vinyozi walitoa viti nje, washonaji wakatoa vigoda, na yule mwalimu mstaafu akatoa kochi lake zima lenye kitambaa kilichoota upara. Serikali ikatoa amri inayokataza watu wawili kukaa pamoja na kuongea kwa sauti ya chini. Watu wakaanza kukaa watatu. Mheshimiwa Mlimbila akahutubia taifa redioni, akisema mabenchi ni njama ya maadui. Watu walimsikiliza wakiwa wamekaa kwenye mabenchi.

Polisi walifika sokoni siku ya gulio. Alitumwa koplo mmoja kijana, koti la mvua begani, pingu kiunoni, na amri ya kuondoa benchi pamoja na waliolikalia. Alimkuta Siwema kashika mikono ya mama mmoja, na Hamduni, ambaye sasa alikwisha kufundishwa, kakaa upande wa pili na mwanafunzi.

Koplo alisoma kile kipande cha boksi. Akakisoma tena, polepole, midomo ikicheza. Watu wa soko wakaacha kupima bidhaa.

"Afande," alisema Siwema bila kuinuka, "umekuja kukamata au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukamata," alisema koplo. "Nina zamu leo."

"Basi ngoja nimalize na mama."

Koplo akangoja. Mama alipofikishwa kwa mwanawe aliyekuja kumchukua, Siwema alisimama, akajipangusa vumbi, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele. Koplo alifungua pingu, kisha akazifunga tena bila kumtia.

"Twende tu hivihivi, dada," alisema. Akapiga hatua mbili, akasimama, akageuka nyuma kumtazama Hamduni aliyebaki kwenye benchi. "Kesho sina zamu," alisema kwa sauti ya chini, akiwa amekiuka amri ya serikali. "Kesho mtakuwepo?"

Hamduni alisogea kidogo, nafasi ikaonekana pembeni yake.

"Njoo mapema," alisema. "Foleni huwa ndefu."